Mimea ya kuchelewesha uzee: ipi ununue, ipi uiache dukani

Maduka ya dawa siku hizi yana rafu nzima ya vidonge vya "kurudisha ujana", na matangazo ya WhatsApp ndiyo usiseme. Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kumwongezea binadamu miaka. Kinachopimika ni presha, moyo na mishipa, basi nimepanga orodha hii kwa kuangalia kilichojaribiwa kwa watu, si kwa panya peke yake.

1. Rozela (choya)

Ndiyo, ile ile ya juisi nyekundu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku, wiki sita mfululizo, namba yao ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7. Wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza, chenye rangi na ladha hiyo hiyo, walishuka kwa 1 tu.

Sokoni chagua maua mazima, rangi ya damu ya mzee, yanayokatika ukiyabana kwa vidole. Yakiwa laini yameshanyonya unyevu na ukungu hauko mbali. Ya unga mimi sinunui, maana hujui kimesagwa nini humo. Na ukimimina sukari nusu jagi, usitaje afya tena. Anayemeza dawa za presha azungumze na daktari kwanza, isije ikashuka kupita kiasi.

2. Kakao

Jaribio la COSMOS la Marekani, lililotoa matokeo mwaka 2022, lilifuatilia wazee zaidi ya 21,000. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 500 za flavanoli, kemikali za asili zilizomo kwenye kakao. Matatizo ya moyo kwa jumla hayakupungua vya kutosha kuleta tofauti ya maana, ila vifo vya moyo na mishipa vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Hilo halikuwa swali kuu la jaribio, kwa hiyo lipokee kwa tahadhari.

Wale walimeza vidonge vya kakao, hawakula chokoleti. Kwa matumizi ya nyumbani tafuta unga mtupu usio na sukari wala maziwa. Kakao ya Kyela ni nzuri tu. Tazama rangi: unga wa kahawia isiyokolea ndio wenyewe. Ule uliokaribia weusi mara nyingi umepitishwa kwenye magadi ya kiwandani kuondoa ukali, na flavanoli nyingi zimepotelea humo.

3. Chai ya kijani

Nunua majani. Vidonge viache: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, vinaweza kuleta dalili za kuumia kwa ini. Chai ya zambarau ya Kenya, aina ya TRFK 306 iliyotolewa mwaka 2011, inapendeza kikombeni, lakini bei yake ya juu sioni imeletwa na ushahidi gani.

4. Manjano

Kwenye mchuzi, karibu. Kurkumini, kemikali inayosifiwa humo, ni kama asilimia 3 tu ya manjano, na mwili huipokea kwa shida. Pilipili manga husaidia. Nunua mizizi mikavu usage mwenyewe, kwani huko Bangladesh watafiti walikuta unga uliotiwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vidonge vikali vya kurkumini navyo vimehusishwa na maradhi ya ini, Italia ikiwemo.

Mkiani: resveratroli na fisetini

Hizi ni kemikali za mimea zinazouzwa kama vidonge, na ndizo zenye bei ya kutisha. Resveratroli ilipata jina mwaka 2003 kupitia majaribio ya mtafiti David Sinclair kwenye hamira, na mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikainunua Sirtris, kampuni aliyoshiriki kuianzisha, kwa dola milioni 720. Baadaye mpango wa serikali ya Marekani unaopima dawa za uzee kwa panya, katika maabara tatu tofauti, haukuona panya wakiishi zaidi kwa resveratroli. Fisetini nayo iliangukia hapo hapo. Karanga, kwa taarifa yako, zina resveratroli kidogo. Kula karanga kwa sababu ni tamu.