TAHADHARI: muuza injini na giaboksi za mtumba kanipiga mchana kweupe

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu ipo pia, maana mimi ndo yule mkitaka kununua gari mnaniita nije nisikilize injini. Safari hii nimepigwa mimi.

Ile 111 yangu, Toyota Corolla, ilihitaji injini nyingine. Nikawa natafuta injini ya Toyota aina ya 4A na giaboksi yake ya manyuali nihamishe vyote kwa pamoja, fundi akasema Corolla ya 101 yenye 4A ni ndugu kabisa na yangu, hatutahangaika sana. Shemeji akaniunganisha na jamaa.

Nimefika kwake, Corolla imegongwa ubavuni, injini bado imo ndani. Akanirushia ufunguo, "kaka washa mwenyewe". Nikawasha, ikaitika papo hapo. Nikachukua bisibisi, mpini sikioni ncha juu ya kava la tapeti, lile linalofunika injini kwa juu, nimetulia kama daktari, hakuna kinachogonga. Nikakanyaga klachi nikapitisha gia zote mpaka rivasi. Nikafungua kizibo cha oili, safi. Sasa pembeni ya kizibo hapo kava lilikuwa limechubuka rangi, kovu kama ndoano, nikalikariri kimoyomoyo nikajiona mjanja, nikasema wakinibadilishia injini nitajua tu.

Akaniambia kushusha ni kazi ya siku nzima, niwaachie vijana wake, kesho ataileta mwenyewe kwa fundi wangu. Nikamalizia hela yote. Yote! Msinicheke, mtu kakupa ufunguo uwashe kwa mkono wako utamdhania nini? Na shemeji ndo kamleta.

Kesho yake mzigo ukaja umefunikwa turubai, nikafunua, cha kwanza nikatafuta kovu langu. Lipo. Nikampigia simu KUMSHUKURU jamani, nikamwita kaka yangu.

Fundi kaifunga siku mbili, ikawaka lakini nzito, halafu gia ya tatu ukiachia mafuta tu inaruka inarudi huru. Siku ya nne ikachemsha, kuchomoa stiki oili imekuwa chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Fundi akafungua hedi, akachukua gasketi mpya ya 4A akailaza juu ya bloki, lile chuma kubwa lenye silinda, akanyamaza, akaniita kwa kidole. Tundu la gasketi kubwa kuliko silinda, chuma kinachungulia kuzunguka pande zote kama milimita moja hivi. Silinda ya 4A ni milimita 81, hii 78.7. Akasugua bloki kwa brashi ya waya ikatokea namba: 5A, injini ndogo kuliko 4A. Yaani kilichotoka kwenye ile gari niliyoisikiliza ni kava peke yake! Kava na kovu lake. 5A na 4A kwa nje ni mapacha, kava la huyu linamkaa yule bila kugoma, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Kumpigia ananiambia "vitu vya mtumba havina garanti kaka", nikamwambia silalamikii ubovu nalalamikia umeniuzia kitu kingine, akakata. Sasa hivi hata picha yake WhatsApp siioni. Mtu kama huyu kifungo hakimtoshi, abebeshwe hiyo bloki mgongoni apite nayo mitaani akisoma namba ya injini kwa sauti mpaka koo likauke, na wale vijana wake wamfuate nyuma na giaboksi. Shemeji nimemwambia asinipigie kwanza.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Alikataa fundi wangu asishushe injini pamoja na vijana wake. Mzigo ulipokuja kingo za kava zilikuwa na silikoni mbichi, na palepale penye namba wamepaka grisi nene, mi nikaona ni usafi wa kazi. Namba ya bloki sikuipiga picha wakati injini iko kwenye gari, nikakariri kovu, kovu!

Giaboksi ipo chini ya benchi la fundi, sijui hata imetoka gari gani. Jina lake simwagi hapa, anayetaka kulijua aje inbox, kwenye simu yangu bado nimemsevu "Kaka Injini".