Rimu za inchi 18 kwenye Altezza yangu: mtetemo ulivyonisumbua na fundi wa Nyakato alivyoumaliza

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, ile yenye injini ya 3S-GE, na nimelitunza kama mtoto. Lilikuja na rimu za inchi 17 na tairi 215/45 (upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo). Mwaka jana nikaamua kulivisha za inchi 18. Mpaka limekaa sawa limepita mikono miwili, na wa pili ndio ulionifanya niandike: gereji ndogo ya Nyakato, hapa Mwanza, ya mzee anayepima kwanza kabla ya kuuza chochote.

Mkono wa kwanza ulikuwa duka la rimu mjini. Nilizipenda kwa macho: rangi ya shaba, upana inchi 8. Muuzaji akahesabu matundu ya nati, matano, akapima duara lake, milimita 114.3, akasema zinaingia. Kweli ziliingia. Ndani ya mji sikusikia kitu. Jumapili moja naelekea Magu, nimeshaipita Kisesa, mshale umegusa 90, usukani ukaanza kutetemeka mpaka viganja vikafa ganzi. Nikishuka 70 unatulia. Dukani wakanifanyia balansi mara mbili, na mara zote mbili nikalipa, mtetemo uko palepale. Wakasema ni tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu ukikata usukani. Nikanunua tairodi. Pesa hiyo inaniuma hadi leo, kwa sababu zile za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Mzee wa Nyakato hakuisogelea hata mashine ya balansi. Alitoa gurudumu moja, akapima tobo la katikati la rimu: milimita 73.1. Akapima habu ya gari, kile kitovu ambacho rimu inakalia: 60.1. Akanionyesha ile nafasi kwa kidole. "Ng'wanawane (mwanangu, kwa Kisukuma), rimu yako haijakalia habu. Inaning'inia kwenye nati." Ndiyo maana balansi haikusaidia: kwenye mashine gurudumu limekaa katikati, ukilirudisha kwenye gari linakaa pembeni kidogo, kila ukifunga linakaa kivyake. Dawa yake ni pete nne za plastiki ngumu, nje 73.1, ndani 60.1. Aliagiza Dar, zikaja na basi siku ya tatu. Zote nne elfu arobaini! Kitu kidogo hivyo, na duka zima halikukitaja.

Alibadilisha na nati, akaweka za koni zinazolingana na matundu ya rimu zile pale nati inapokaa. Alizikaza kwa mpangilio wa nyota, akamalizia na spana ya torki, kisha akaniambia nirudi nikishatembea kilomita 100 azikague tena. Nilirudi, hakunitoza.

Kulikuwa na shida ya pili. Nikipakia watu nyuma, kila tuta tairi linasugua fenda. Rimu za kiwandani zina upana wa inchi 7 na ofuseti 50, yaani uso unaofungwa kwenye gari uko milimita 50 kutoka katikati ya upana wa rimu, kuelekea nje; ikipungua, gurudumu linatoka nje zaidi. Hizi ni inchi 8, ofuseti 38. Piga hesabu: ukingo wa nje umetoka kama milimita 25. Duka lilikuwa limenivisha tairi 225/40, ambalo pia kipenyo chake kinazidi cha la kiwandani kwa karibu milimita 12. Mzee akanishauri 215/40, tofauti inabaki milimita 4 tu. Zile 225 nikaziuza zikiwa bado na vinyweleo. Kisha akaukunja ukingo wa ndani wa fenda taratibu, akiupasha moto ili rangi isipasuke. Nimekagua kwa tochi, hakuna ufa.

Mapungufu yapo. Kazi yake ni ya polepole, gari lililala pale siku tano. Mashine ya alaimenti (ya kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) hana, utapeleka kwingine. Na springi za kushusha gari alikataa kabisa kunifungia aliposikia naishi Isamilo, kilimani kwenye mawe, kwamba ekzosi itaachwa huko. Hapo sikubaliani naye. Kushuka milimita 30 naamini njia yangu inaruhusu, na bado namsumbua.

Wiki iliyopita nimevuka Daraja la JP Magufuli kwenda Sengerema, mama na wadogo zangu wawili kiti cha nyuma. Usukani nimeushika kwa vidole viwili, fenda kimya.

Kama unakwenda, beba rimu zako kabla hujazinunulia tairi. Jumamosi hafungui, ni Msabato. Jumapili saa mbili asubuhi utamkuta.