Slipuringi za mashine za kasi: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Slipuringi ni kifaa kinachopitisha umeme na data kati ya sehemu iliyotulia na ile inayozunguka, kwa kawaida kwa brashi zinazosugua pete. Muuzaji yeyote wa slipuringi atakutajia mizunguko kwa dakika. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kinachokula brashi ni mwendo wa uso wa pete. Pete ya kipenyo cha milimita 30 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika husugua brashi kwa mita 1.6 hivi kwa sekunde. Pete ya milimita 150, kwa mizunguko ileile, inafika karibu 7.9. Basi jiulize kwanza kama kweli unahitaji tundu la kupitisha shafti katikati, maana tundu hilo hulazimisha pete kuwa kubwa. Wengi huliagiza kwa mazoea tu.

Kwa mashine za kujaza chupa, za kufungasha na meza za kuzungusha, ninaweka namba moja ile iliyounganisha umeme, data na upepo (hewa iliyoshindiliwa) ndani ya kasha moja, mradi njia za data ziwe na brashi za nyuzi nyingi za aloi ya dhahabu. Nyuzi hizo hugusa pete sehemu nyingi kwa pamoja, kwa mkandamizo mdogo; uzi mmoja ukiruka, nyingine bado zimeshika. Mgusano ukikatika hata kidogo, data hupotea na kontrola husimamisha mashine. Fundi akija na multimita, mashine imeshasimama, anapima na kukuta kila kitu kizima! Kwa hiyo dai kipimo cha jinsi ukinzani unavyopandashuka, kwa miliomu (elfu moja ya omu), pete ikizunguka kwa kasi yako. Ukipewa cha pete iliyotulia, hujajibiwa.

Angalia pia mchoro wa ndani. Umeme wa mota za servo (mota zinazodhibitiwa kwa usahihi) ukipita kando ya data bila kinga ya chuma, utaiharibu. Vumbi la brashi za kaboni nalo hupitisha umeme likirundikana kati ya pete, hivyo napendelea vyumba viwili, kimoja cha umeme na kingine cha data. Na kama kuna upepo, soma kasi inayoruhusiwa na sili zake, yaani vizuizi vya kuvuja. Mara nyingi hizo ndizo huchoka mapema, hata pete zikiwa bora.

EtherCAT ya kawaida (mtandao wa data wa kuendesha mashine) hukimbia megabiti 100 kwa sekunde kwa nyaya 4. Itheneti ya gigabiti inataka 8. Kama upande unaozunguka hauna kamera, sioni sababu ya kulipia gigabiti.

Zikiwepo kamera kadhaa, panda hadi namba mbili: muundo uleule ukiongezewa kiungo cha faiba (nyuzi zinazopitisha data kwa mwanga), ambacho hakisikii kabisa kelele za mota. Namba tatu ni zisizogusana. Hazina brashi za kuisha, ila bei iko juu na umeme zinaopitisha una kikomo cha chini.

Za kapsuli, yaani ndogo zisizo na tundu katikati, ni za bei rahisi na nyingi huishia mizunguko 250 au 300 kwa dakika. Ziache kwa mashine za polepole. Za zebaki, zinazotumia zebaki ya majimaji badala ya brashi, ni tulivu na zinastahimili kasi, lakini zebaki ni sumu, na kwenye chakula au dawa nisingeziruhusu mlangoni.

Siku ya kufunga, kaza upande mmoja tu kwenye shafti. Upande wa pili uzuiwe kwa uma wenye nafasi kidogo ya kucheza. Ukikaza kote kuwili, beringi zitakufa kabla ya brashi.