Benzathini penisilini ya unga: dawa ni nzuri, shida iko kwenye kichupa na kalenda

Tangu miaka ya 1950, kinga ya ugonjwa wa moyo wa rumatiki inategemea dawa moja, benzathini penisilini G, sindano ya msuli inayochomwa kila baada ya wiki 3 au 4. Haiponyi valvu (mlango wa moyo) iliyokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia bakteria wa streptokokasi wa kundi A wasirudi kooni na kuamsha tena homa ya rumatiki, maana kila homa inayorudi huongeza makovu kwenye valvu. Jaribio la Uganda lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha watoto 818 ambao ugonjwa wao ulionekana kwa eko tu (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kwa hilo, alama zote tunaipa.

Alama zinaanza kushuka kichupa kinapofunguliwa. Unga huu hauyeyuki kama dawa nyingine. Huelea majini kama chembechembe nzito. Ukipunguza maji ili mgonjwa apate ujazo mdogo, unapata uji mzito unaoziba sindano katikati ya msuli. Ukiivuta dawa kwenye bomba kisha ukaenda kujaza rejista, chembe zinatuama, matokeo ni yaleyale. Mtoto anachomwa mara ya pili, na mwezi ujao haji. Halafu kwenye kadi anaandikwa "mtoro".

Tiba ya sindano kuziba ni utaratibu, na hauhitaji fedha. Weka maji ya sindano kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, bila kubana. Tikisa hadi madonge yaishe, vuta, badilisha sindano, weka ya geji 21 (kipimo cha unene wa sindano), chomeni mara moja. Lenga msuli wa upande wa nyonga au wa nje wa paja, acha spiriti ikauke kwanza, bonyeza ngozi kwa kidole gumba kama sekunde 10, kisha sukuma polepole kwa dakika 2 hadi 3. Dakika hizo ndizo zinazorukwa foleni ikiwa ndefu, na ndizo zinazoamua kama mtu atarudi. Mwongozo ukiruhusu, sehemu ya maji ibadilishwe na lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1 isiyo na adrenalini. Maumivu hupungua sana. Benzathini penisilini isiingie kwenye mshipa wa damu kabisa: inaweza kusimamisha moyo.

Dozi ya mtu mzima ni uniti 1,200,000, na mtoto mdogo nusu yake. Mpaka wa uzito hutofautiana kati ya miongozo (kilo 20, 27 au 30), kwa hiyo ufuatwe wa nchi husika.

Kasoro kubwa zaidi ni jina la mtaani, "sindano ya mwezi". Ratiba ni siku 28, yaani dozi 13 kwa mwaka. Anayechoma kila tarehe 5 anapata 12, na karibu kila mwezi ana siku 2 au 3 za ziada wakati dawa imeshapungua mwilini. Tena kwa watu wengi kiwango huanza kushuka chini ya kinachotakiwa hata kabla ya siku ya 28. Mpe mgonjwa siku ya wiki, si tarehe: Jumanne baada ya kila wiki 4. Kuwahi siku chache hakuna ubaya. Kuchelewa ndiko kubaya.

Hatukipendi sana kipimo cha asilimia 80 ya dozi za mwaka ambacho kliniki nyingi hujivunia. Aliyepata 11 kati ya 13 amefaulu, lakini kama mbili alizokosa zilifuatana, amekaa wiki 8 bila kinga. Hesabuni siku zisizo na kinga, mtaona picha halisi.

Muda nao ni mrefu. Kwa miongozo ya Marekani, aliyepata homa bila moyo kuguswa huchoma miaka 5 au hadi afikishe 21, lolote litakalochelewa. Mwenye valvu iliyoharibika, miaka 10 au hadi afikishe 40, lolote litakalochelewa, wengine maisha yote. Ujauzito hausimamishi sindano. Upasuaji wa valvu pia hausimamishi, ingawa wengi huacha hapo wakidhani wamepona.

Vidonge vya penisilini V, miligramu 250 mara mbili kwa siku, ni mbadala dhaifu zaidi kwa kinga, na mtu akijisikia mzima husahau. Mwenye mzio wa penisilini hupewa erithromaisini. Hata hivyo kuna kundi ambalo vidonge ndivyo salama zaidi: wenye valvu iliyobana sana au moyo uliochoka. Vifo vingine vilivyoitwa mzio baada ya sindano huenda vilikuwa moyo dhaifu ulioshindwa kuhimili maumivu na presha kushuka ghafla. Kwa wengine wote, wanywe maji kabla, wachomwe wakiwa wamelala, na wasiruhusiwe kuondoka kabla ya dakika 15, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa karibu.