Honda CG125 ya marehemu baba: tathmini ya pikipiki na ya gereji iliyoifufua

Pikipiki ninayoitathmini hapa ni Honda CG125 ya volti 6 aliyoiacha marehemu baba, ambayo ilikaa miaka 11 kwenye banda la nyuma ya nyumba, ikiwa imefunikwa turubai na baadaye kuegemezewa magunia ya pumba, bila kuwashwa hata siku moja. Pamoja nayo naitathmini gereji ya hapa Morogoro iliyoirudisha barabarani kwa wiki tano badala ya mbili tulizopatana. Gereji yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa malalamiko yangu mawili tumekwisha kuyamaliza na fundi, na kazi yake kwa jumla naikubali.

Wengi walinishauri niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ushauri huo ungefaa kwa pikipiki nyingine nyingi za umri wake, lakini si kwa CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa pale tu mwenyewe anapokumbuka. Kwa sababu hiyo injini yake haina cheni ya taimingi ya kuendesha valvu, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi; valvu zinasukumwa na vijiti viwili virefu, na mnyororo wa nyuma umefungiwa ndani ya bati ili usile vumbi. Muundo huohuo ndio ulioigwa na viwanda vingi vya China, na injini za namna hiyo ziko kwenye bodaboda chungu nzima zinazopita mbele ya nyumba yangu. Kwa maneno mengine, baba aliniachia babu wa bodaboda, na spea za wajukuu wake zinauzwa kila kona ya mji. Hilo peke yake ndilo lililonifanya nikubali kutoa fedha.

Suala la karatasi lilikuwa jepesi kuliko nilivyohofia. Kadi ilikuwa bado na jina la baba, na ili kuhamisha umiliki niliombwa barua ya usimamizi wa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa bahati mama aliitunza tangu mwaka wa msiba. Hofu yangu kubwa ilikuwa deni la leseni ya barabara la miaka yote hiyo, nikasahau kwamba ada ile ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 pamoja na madeni yake ya nyuma.

Kabla ya kuifikisha gereji, mimi na mdogo wangu tulifanya kosa ambalo nadhani kila mrithi hulifanya, yaani tuliitoa bandani, tukaifuta vumbi na kuanza kuipiga kiki. Kiki haikushuka. Tulipomweleza fundi, alitutazama kama watu waliomlazimisha mgonjwa wa miaka 11 kukimbia. "Hii si ya kupiga kiki leo, kaka. Ukiilazimisha, ringi zitakwaruza silinda." Akafungua plagi, akamimina ndani ya tundu oili kiasi cha vijiko viwili, akalifunga tundu kwa kitambaa na kutuambia turudi kesho yake. Siku ya pili hakuigusa kiki kabisa. Aliweka gia ya nne, ambayo kwa pikipiki hii ndiyo ya mwisho, kisha akalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili na kulitikisa mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Baada ya dakika kumi hivi pistoni ilijiachia. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kwenye tenki pia alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Petroli iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi, na ndani kutu ilikuwa ikibanduka kama maganda. Mafundi wawili niliowauliza kabla yake walisema tenki ni la kutupa. Huyu alilijaza siki, akaliacha siku mbili, kisha akatumbukiza kipande cha mnyororo wa zamani na kulitikisa hadi mikono ikamchoka, akalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, akalikausha juani na kulipitishia petroli kidogo siku hiyohiyo kabla kutu mpya haijaanza. Palikuwa na kitobo kimoja karibu na koki, akakiziba kwa risasi. Katika bomba la moshi alikuta kiota cha nyigu cha udongo, kigumu kama tofali, ambacho kingetosha chenyewe kuizuia injini isiwake.

Lalamiko langu la kwanza linahusu kabureta. Fundi alimwachia kijana wake aisafishe, na kijana huyo, badala ya kuilowesha na kuipuliza kwa upepo, alikizibua kitundu cha jeti ndogo, kile kidude kinachopimia injini petroli, kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba ya njano iliyo laini, na tundu lake limetobolewa kwa kipimo. Ukilichokonoa kwa chuma linatanuka, na injini inaanza kunywa petroli kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa. Pikipiki iliwaka, lakini ilitoa moshi mweusi, na plagi ilipofunguliwa ilikuwa na masizi kama chini ya sufuria. Fundi, bila kuniuliza, akafunga kabureta nzima ya bodaboda na kuiandika kwenye hesabu yangu kwa shilingi 40,000. Niliikataa. Tulibishana kwa adabu, yeye akisema ya Kichina inafanya kazi ileile, mimi nikisema ya baba ni nzima isipokuwa kidude kimoja. Mwishowe jeti mpya ilipatikana dukani kwa shilingi 3,000, kabureta ya zamani ikarudishwa mahali pake, na ile 40,000 ikafutwa.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sijaliona kwenye gereji nyingi za uchochoroni: alitoa geji ya kupimia nafasi, vile vijisahani vyembamba vyenye namba, akapima valvu kwa milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi, na pointi, yaani vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, kati ya milimita 0.3 na 0.4. Mafundi wengine hukadiria kwa ukingo wa wembe wa msumeno na kusikiliza sauti. Vilevile kila spea aliyoitoa alinirudishia kwenye mfuko, hata breki shuu zilizokwisha, jambo linaloondoa shaka ya kubadilishiwa kitu kizima.

Upungufu wa CG125 hii uko kwenye umeme. Cheche inatoka kwenye magineti, kwa hiyo injini inawaka hata bila betri, lakini taa na honi ni za volti 6 wakati maduka yamejaa vitu vya volti 12. Balbu ya mbele niliisaka wiki nzima, na mwanga wake unatosha kuonekana kuliko kuona. Anayetaka kusafiri usiku asijidanganye.

Gharama yote ilifika shilingi 344,000, ambapo tairi mbili na tyubu zake zilichukua 130,000 na ufundi 120,000. Tairi za zamani zilikuwa na kashata, yaani meno, ya kutosha, lakini zilifanya nyufa pembeni kila zilipojazwa upepo. Hapo si pa kubana matumizi. Nimeiendesha hadi Mzumbe na kurudi mara nne. Haina haraka, inapanda mlima kwa gia ya tatu bila kulalamika, na inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili. Mpira wa kukanyagia wa kushoto umelika upande mmoja kwa kiatu cha baba. Fundi aliuletea mwenzake mpya, nikamwomba auache wa zamani.

Lalamiko la pili ni ahadi. "Jumamosi" ya fundi huyu ni neno la faraja zaidi kuliko siku ya juma, na Jumamosi tatu nilifika nikakuta injini iko mezani vilevile. Kwa sasa koki inadondosha tone moja moja, naye amesema nimpelekee Jumamosi. Nimemuuliza ya tarehe ngapi.