Uchambuzi: Seti ya Sindano za Mianzi kwa Kufuma Soksi na Glavu

Ndugu watazamaji, hamjambo na karibuni. Leo, hapa Mtwara mjini, ninaichambua seti ya sindano za mianzi inayopatikana kwa urahisi mtandaoni: sindano 55 zenye ncha pande zote mbili, zimefungwa tano tano katika saizi 11, kuanzia milimita 2 hadi 5, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 13. Najua wapo watakaouliza soksi za kufuma ni za nini katika joto la pwani. Wanaouliza hivyo hawajapata kuombwa soksi na mama mjamzito anayepanga mfuko wa kwenda kujifungua, wala hawajalala kwenye baridi ya Newala mwezi Julai.

Nianze na saizi. Namba zilizo kwenye pakiti hii ni za Marekani, ambazo hupanda kadiri sindano inavyonenepa, ilhali vielelezo vya zamani vya Uingereza huhesabu kinyume, kiasi kwamba namba 13 ni milimita 2.25 na namba 8 ni milimita 4. Fuateni milimita. Hata hizo hazitoshi, kwa kuwa mkono unaokaza uzi na mkono unaoulegeza havitoi upana mmoja kwa sindano ileile. Fumeni kwanza kipande cha majaribio kinachozidi sentimita 10, kifueni, kikauke kikiwa kimelazwa, ndipo mhesabu vitanzi. Hiki mnachokiona nimekifuma kwa milimita 2.5 na uzi mwembamba wa pamba, nami nahesabu vitanzi 32 katika sentimita 10.

Sasa tuchukulie kwamba mguu wa mtoto, ukizungushiwa futi ya fundi cherehani sehemu yake pana, unatoa sentimita 11. Soksi hupunguzwa takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo hicho ili ishike isichomoke, kwa hiyo tunabaki na sentimita 10, yaani vitanzi 32, vinane katika kila sindano, huku sindano ya tano ikifuma. Kisigino hufumwa kwa nusu ya vitanzi, 16, kwenda na kurudi mistari 16, na kitanzi cha kwanza cha kila mstari huhamishwa bila kufumwa. Ukingo utakuwa na vitanzi vinane vikubwa, safi, rahisi kuokota. Msiharakishe hapo, maana soksi nyingi zenye matundu kwenye kifundo zimeharibikia ukingoni. Ncha ya vidole huanza ikiwa imebaki karibu sentimita 3: punguzeni vitanzi vinne kila baada ya mzunguko mmoja hadi vibaki vinane, kisha uzi upitishwe ndani yake na kuvutwa.

Kwa kazi hiyo sindano hizi zinanifurahisha. Mwanzi hauutelezeshi uzi kama chuma, hivyo vitanzi havidondoki mnapogeuza kisigino, ingawa mkono wenye jasho huufanya uzi wa pamba ukwame. Kasoro ni saizi ya milimita 2, ambayo hupinda na kukatika upesi. Kwa unene huo spoku za baiskeli zilizonolewa ncha, ambazo wafumaji wamezitumia miaka mingi, zinaishinda seti hii waziwazi, ila zipakwe mafuta kidogo na kufutwa, kwa sababu hewa ya bahari huzitia kutu. Vilevile ncha za sindano fupi huchoma kiganja zinapobeba kazi pana.

Mtalihisi hilo kwenye glavu za mtu mzima, kwa mfano za kijana anayekwenda kusoma kwenye baridi ya Makete. Glavu haipunguzwi kama soksi, kwa kuwa vidole vinahitaji nafasi, na nafasi ya kidole gumba hupatikana kwa kuongeza vitanzi viwili kila baada ya mizunguko miwili. Glavu za mtoto mchanga hazina kidole gumba, jambo linalorahisisha kazi, lakini zigeuzeni ndani nje kabla ya kumvisha na kukata kila uzi unaoning'inia, kwani uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole chake unaweza kuzuia damu bila mama kuona. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kamba ya kufungia mkononi. Sentimita 3 za vitanzi viwili vya kawaida na viwili vya kinyume zinatosha kuishika glavu mkononi.