Nimelipia apu ya tetesi za NHL msimu mzima: nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za ukurasa wa mishahara

Wadau wa hoki ya barafu habari zenu, hasa wa NHL, ile ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Jina la apu sitaji, anayeijua ameshaijua, ila kama simu yako inalia kila baada ya dakika kumi kwamba winga fulani "anakaribia kuondoka" basi unayo hiyo hiyo au unayo ndugu yake, maana zote zinanakiliana. Nilianza kulipia Oktoba msimu ulipoanza, dola 6 kwa mwezi, na kilichonivuta ni ahadi yao kwamba utajua tredi kabla ya wachezaji wenyewe kujua. Kwa wageni, tredi ni klabu kubadilishana wachezaji moja kwa moja, au kumtoa mchezaji ukapewa nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti. Sio kama soka kwamba unalipa ada ya uhamisho, huku hela ya kununua mtu haipo, kuna mkataba unaohama na mshahara wake na kuna ukomo wa mishahara ambao klabu haitakiwi kuupita. Msimu wa 2024-25 ukomo ulikuwa dola milioni 88, uliofuata ukapanda hadi milioni 95.5. Shikeni hilo la ukomo maana ndio ugomvi wangu wote na hawa jamaa.

Nianze na mazuri nisionekane nina chuki. Ukurasa wa mikataba ni mzuri sana, kila mchezaji wa klabu zote 32 yupo, mshahara wake, miaka iliyobaki, na kama ana kipengele cha kukataa kuhamishwa. Matangazo rasmi ya klabu nayo yanafika haraka. Hapo sina neno.

Sasa tetesi. Jamani.

Wiki ya dedilaini, yaani siku ya mwisho ya kufanya tredi, ambayo huwa mwanzoni mwa Machi na dirisha linafungwa saa tisa alasiri saa za mashariki ya Amerika Kaskazini, walianza na beki mmoja wa timu yangu. Jumatatu usiku simu inalia: "Klabu tatu zinamfukuzia." Sawa. Jumanne: "Mazungumzo yamepamba moto." Jumatano nimelala, saa sita usiku ikanguruma mezani hadi ikaanguka: "CHANZO: Dili liko hatua za mwisho." Nikakaa kitandani kabisa, nikafungua habari yenyewe nisome, aya tatu, hakuna anachopewa nani, hakuna kiasi, kuna picha ya beki ameinamisha kichwa (picha ya miezi miwili nyuma, siku walipofungwa, naikumbuka vizuri) na sentensi ya mwisho inasema "hali inaweza kubadilika wakati wowote". Sasa si ndio hali ya dunia hiyo?

Usingizi umeshakata nikahamia ukurasa wao wenyewe wa mikataba, ule mzuri niliousifia. Beki ana mshahara wa milioni 7 na ana kipengele kamili cha kutohamishwa, yaani bila yeye kukubali haendi popote. Habari haisemi kama ameulizwa. Klabu inayodaiwa kumtaka imebakiwa na nafasi isiyofika hata milioni moja chini ya ukomo. Nikasema labda timu yangu itabeba sehemu ya mshahara, maana sheria inaruhusu klabu inayomtoa mchezaji kubeba hadi asilimia 50. Lakini klabu hairuhusiwi kubeba mikataba ya namna hiyo zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja, na timu yangu mitatu ilishajaa, imeandikwa hapo hapo kwa rangi nyekundu na apu ile ile iliyoniamsha! Ingebaki njia ya kupokea mchezaji mwingine wa mshahara mkubwa kurudi upande wetu, ila habari haikumtaja yeyote. Dakika nne nimemaliza, nimevaa bukta, sina chanzo, sina rafiki kwenye klabu yoyote. Aliyeandika alishindwaje kubonyeza mara mbili kwenye apu ya mwajiri wake?

Ijumaa saa tisa ikapita, beki yupo pale pale, jioni nasoma: "Dili lavunjika dakika za mwisho, klabu yaamua kumbakiza." Hapo ndipo nilipoelewa biashara inavyoendeshwa. Dili ambalo halikuwahi kuwepo ukilitangazia msiba, watu wanaamini liliwahi kuishi. Meneja mkuu wa klabu hatatoka kila siku kukanusha, na akikanusha ataambiwa anaficha. Mchezaji akiulizwa atasema "mimi naangalia mechi inayofuata", nayo itageuzwa kichwa cha habari kwamba hajakana kutaka kuondoka. Kwahiyo mwandishi hapotezi kitu, akipatia anajisifu mwaka mzima, akikosea dili "limevunjika".

Wakuu, kuna watakaosema naleta ukali kwa vitu vidogo, vipengele vya mikataba ni mambo ya wanasheria. Haya, Machi 2022 klabu ya Vegas ilimpeleka winga wao Evgenii Dadonov kwenye klabu ya Anaheim siku ya dedilaini, ikatangazwa kabisa, baadae ikabainika Anaheim ipo kwenye orodha ya timu alizokuwa na haki ya kuzikataa, na siku mbili baada ya dedilaini ligi ikaifuta tredi nzima. Mchezaji akarudi kuvaa jezi ya Vegas kama vile hakuna kilichotokea. Hao ni wenye klabu, na karatasi wanazo. Na Dany Heatley 2009, Ottawa walishakubaliana na Edmonton, yeye akagoma kwa kutumia kipengele chake, mwishowe akaenda San Jose. Kwahiyo mtu akikuandikia tetesi ya mchezaji mwenye kipengele kama hicho bila kukigusa kabisa, huyo kazi hajaianza.

Halafu lugha yao. "Klabu imepiga simu kuulizia." Mameneja 32 kazi yao ndiyo hiyo, wanapigiana simu kutwa, ukiniambia wamepiga simu ni sawa na kuniambia mvuvi ameonekana akiangalia bahari. "Inasemekana." Na nani? "Haiwezi kuondolewa uwezekano kwamba." Mimi pia haiwezi kuondolewa uwezekano kwamba nitakuwa kipa wa Montreal. Sitaki waandike majina ya vyanzo vyao, najua vyanzo vinalindwa na ni haki, ninachotaka ni kunitenganishia tu, hiki nimeambiwa na mtu aliye ndani, hiki ni mawazo yangu nikiwa nakunywa kahawa. Waandishi wazuri wa hoki wapo na wanafanya hivyo, ukimsoma unajua kabisa hapa anaripoti na hapa anabahatisha. Na wanajua kwamba wakala wa mchezaji anaweza kumwaga maneno ili mteja wake apandishiwe mkataba, na meneja anaweza kumwaga jina ili aone sokoni litavuta nini. Kwenye apu hii vyote vimetiwa chungu kimoja, na aliyemwaga maneno anageuka "chanzo cha kuaminika".

Kinachochekesha ni kwamba mabomu yenyewe wanayakosa. Tarehe 24 Januari 2025 usiku Mikko Rantanen akatolewa Colorado kwenda Carolina, dili la klabu tatu, Chicago wakiwa katikati wanabeba nusu ya mshahara wake. Watu walishika vichwa. Mimi siku hiyo apu yangu ilikuwa imenitumia tetesi mchana kutwa na jina la Rantanen halimo hata kwa bahati mbaya. Carolina akacheza mechi 13 tu, tarehe 7 Machi wakampeleka Dallas, na mwezi Mei kwenye mechi ya saba, ya mwisho, ya raundi ya kwanza ya mtoano akaifunga Colorado mabao matatu kipindi cha tatu. Siku apu iliponiambia "kama tulivyodokeza" niliirudia historia yote ya meseji kuanzia Januari mosi. Hawakudokeza chochote.

Nilikuwa nimeanza kuziandika tetesi zao kwenye daftari, wiki mbili kabla ya dedilaini. Zilijaa kurasa tatu. Zilizotimia zinatosha vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki.

Tuje kwenye safu za maoni maana nazo unazilipia. Tetesi angalau ina muda wake, ikifika dedilaini inajifia, ila maoni ya ovyo yanamganda mtu miaka. Kuna mzee wao mmoja pale anasoma "lugha ya mwili", ameona mchezaji kakaa benchi kachoka anaandika hana moyo wa kushindana, aya kumi, hajamuuliza mtu, hajataja hata dakika alizocheza. Mnakumbuka Phil Kessel? 2015 Toronto walipompeleka Pittsburgh, mwandishi mmoja wa gazeti huko Toronto akafungua safu yake na hadithi kwamba Kessel karibu kila siku alasiri anaenda kwa muuza hot dog wa mtaa fulani, picha ya mtu mvivu asiyejali mwili wake. Watu wakaja kuhoji mpaka hiyo kona yenyewe na alipokuwa anaishi wakaona hesabu haziendi. Sasa huyo mvivu akachukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2016, akachukua 2017, akachukua tena na Vegas 2023, na ndiye anayeshikilia rekodi ya NHL ya kucheza mechi mfululizo bila kukosa, 1,064. Elfu moja na sitini na nne! Na kombe alilijaza hot dog akapiga nalo picha. Huyo alikuwa na ubavu wa kucheka, sio kila mchezaji wa miaka 20 anao.

Na hata tetesi ya kweli ina mtu ndani yake. Matt Duchene aliimbwa kuondoka Colorado muda mrefu, kila wiki timu mpya, halafu Novemba 2017 akatolewa barafuni mechi ikiwa inaendelea, kipindi cha kwanza, kule Brooklyn, anaondoka kwenda ndani, ndio tredi yake imekamilika. Ile picha hainitoki. Ukishaiona huwezi kumchukulia beki wako kama kadi ya kuchezea, ila apu ina kitufe cha kupiga kura "Auzwe / Abaki" chini ya kila jina.

Huduma kwa wateja niliwaandikia, nikaweka skrini shoti ya tetesi ya Jumatano na skrini shoti ya ukurasa wao wa mikataba pembeni yake. Walijibu baada ya siku tano, wananishukuru kwa kuwa shabiki mwenye hamasa, na wananishauri niwashe notifikesheni zote ili nisipitwe. Nimesoma mara mbili kuhakikisha kama hawanitanii. Ile habari nayo ilishafutwa kimya kimya, bila sahihisho wala samahani.

Ushauri wangu kama mnautaka: kuna toleo la bure, linatosha, ukurasa wa mikataba upo humo humo bila kulipa (hilo nimeligundua baada ya kulipa miezi sita, nichekeni tu). Zima tetesi zote bakiza matangazo rasmi. Tredi ikiwa ya kweli utaisikia, hamna klabu inayomficha mchezaji mpya kabatini.

Nilijitoa Aprili. Kujitoa kwenyewe kunapitia skrini nne, ya tatu inakuuliza kama una uhakika unataka kukosa habari kubwa. Jana wameniandikia barua pepe, nirudi kwa nusu bei. Nikacheka peke yangu, maana hata kule NHL ukiona klabu iko tayari kubeba asilimia 50 ujue inachotaka ni mzigo uondoke tu.